"Ndivyo Alivyo": Maneno Yanayowachelewesha Watoto Wenye Sindromu ya Down

Muhula uliopita tulikuwa tumekaa kwenye vimbweta jioni, tunasubiri umeme urudi, na stori zikawa za nyumbani. Jamaa mmoja akaona picha ya mdogo wangu kwenye simu yangu, akauliza, "Huyu dogo ana nini?" Nikamwambia ana sindromu ya Down. Akafikiri kidogo, akasema, "Down? Yaani akili iko chini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana jamaa hakuwa na nia mbaya. Lakini usiku ule nilijiuliza: kama sisi tulio chuo kikuu tunaelewa hivyo, kule kijijini wanaelewaje?

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Sitaki mumwonee mdogo wangu huruma. Yeye mwenyewe ana raha zake, na akikushinda kwenye bao atakucheka mpaka ujute. Nataka nieleze hali hii ni nini, inaleta matatizo gani ya afya, na kwa nini sentensi moja fupi tunayoipenda sana, "ndivyo alivyo", imewagharimu watoto wengi.

Kwanza, jina. Down si "chini". Ni jina la mtu. John Langdon Down alikuwa daktari wa Uingereza, na mwaka 1866 ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza maelezo ya kina kuhusu watu wenye hali hii. Sababu yake hakuijua. Ilijulikana karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1959, watafiti wa Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walipotangaza kwamba watu hawa wana kromosomu moja ya ziada.

Kitabu chenye sura iliyorudiwa

Wale wenzangu wa sanaa msikimbie, kromosomu si ngumu hivyo. Kila chembe ya mwili wako, yaani seli, ina maelekezo ya jinsi ya kukujenga. Maelekezo hayo yamefungwa katika vifurushi 46, ambavyo viko jozi 23. Jozi moja hutoka nusu kwa mama, nusu kwa baba.

Pale Ndanda, misheni ya Wabenediktini ina kiwanda cha uchapaji cha miaka mingi. Vitabu vingi vya sala na vya shule ambavyo bibi zetu walisomea vilitoka pale. Sasa fikiria fundi anafunga kitabu chenye sura 23, na kila sura inatakiwa iwemo mara mbili. Kwa bahati mbaya, sura ya 21 imeingia mara tatu. Maneno hayajakosewa, hakuna ukurasa uliochanika, ila kuna kurasa zilizozidi. Kitabu bado ni kitabu kamili, lakini kitasomeka tofauti kidogo na vingine.

Hiyo ndiyo sindromu ya Down: kromosomu ya 21 ni tatu badala ya mbili, na jumla inakuwa 47. Ndiyo maana Siku ya Sindromu ya Down Duniani ni tarehe 21 Machi, yaani 21 ya mwezi wa 3. Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu 2012.

Katika kila watu 100 wenye hali hii, takriban 95 wana kromosomu hiyo ya ziada katika seli zote. Watatu au wanne, kipande cha kromosomu ya 21 kimejibandika kwenye kromosomu nyingine. Aina hii pekee ndiyo inayoweza kurithiwa kwa mzazi ambaye mwenyewe hana dalili yoyote. Waliobaki wana mchanganyiko: baadhi ya seli zina 46 na nyingine 47.

Duniani, karibu mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa hivi. Yuko kwa Wazungu, kwa Wahindi, kwa Wamakonde, kwa Wamakua, kwa matajiri na kwa wakulima wa mihogo. Umri wa mama unachangia: akizaa na miaka 25 uwezekano ni kama mmoja kati ya 1,200, akiwa na 35 ni kama mmoja kati ya 350, akiwa na 40 ni kama mmoja kati ya 100. Lakini msikariri vibaya. Kwa kuwa wanawake vijana ndio wanaozaa zaidi, watoto wengi wenye hali hii wana mama vijana.

Na hapa pana jambo la kusema wazi, maana kwetu ndoa zimevunjika kwa sababu ya kutolijua. Hakuna mama aliyesababisha hali hii. Si kwa chakula alichokula, si kwa mwiko aliovunja, si kwa kupita njia panda usiku, si kwa kulogwa na wifi. Kosa la kugawanyika kwa seli hutokea kabla hata mimba haijatunga au pale inapotunga, na hakuna mtu anayeliona wala kuliamua. Mara nyingi hutokea kwenye yai, mara chache kwenye mbegu ya baba. Mwanamume anayemkimbia mke wake kwa kusema "kwetu hakuna watoto wa hivi" anakimbia bahati nasibu ambayo hata yeye alikuwa na tiketi yake.

Si mtindio wa ubongo, si usonji

Mtaani tumezoea kutupa watoto wote kwenye kapu moja. Mtoto akichelewa kutembea, "ana mtindio wa ubongo." Asipoongea, "ana usonji." Halafu kuna yale maneno mabaya zaidi, "zezeta" na "taahira", ambayo watu huyatamka mbele ya mtoto mwenyewe kana kwamba hana masikio.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na huathiri zaidi misuli na mwendo. Mtoto anaweza kuwa na mtindio na akili yake ikawa kali kuliko ya kwangu na yako. Usonji ni tofauti katika mawasiliano na mahusiano, na hauna sura. Humtambui mtu mwenye usonji kwa kumtazama. Sindromu ya Down ni ya kromosomu, na mara nyingi dalili huonekana siku ya kuzaliwa: mwili mlegevu, macho yaliyopanda kidogo pembeni, uso bapa, masikio madogo, nafasi kubwa kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, na kwenye kiganja mstari mmoja unaokatisha badala ya miwili. Usikimbilie kuangalia kiganja chako ukaogopa. Wapo watu wengi wenye mstari huo mmoja na hawana sindromu yoyote. Ni mkusanyiko wa dalili unaomfanya mkunga ashuku, na kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu ndicho kinachothibitisha.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Kwa sababu kila hali ina orodha yake ya mambo ya kuangalia. Ukikosea jina, unapima visivyo. Na usipompa jina kabisa, ukabaki na "ndivyo alivyo", hupimi chochote.

Watoto wawili wa familia moja

Kwetu ni kijiji kimoja jirani na Ndanda, barabara ya kwenda Masasi, chini ya uwanda wa Makonde. Mama mdogo ameolewa juu, upande wa Newala. Katika familia yetu watoto wenye sindromu ya Down walikuwa wawili: mdogo wangu wa kiume, na binti wa mama mdogo, ambaye kwa desturi yetu ni mdogo wangu vilevile.

Binti alizaliwa mwili laini kama kanga iliyoloa. Alikuwa akinyonya dakika mbili anachoka, jasho linamtoka kichwani, anaacha ziwa na kulala. Hakuongezeka uzito. Mwaka wake wa kwanza aliugua nimonia mara tatu. Kila mama mdogo alipompeleka kwenye zahanati (siitaji, na hata hivyo ingeweza kuwa yoyote) alipewa dawa ya kikohozi au ya malaria, na akaambiwa, "Mama, watoto hawa ndivyo walivyo." Nyumbani nako mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu watoto wa dada zake, alisema hivyohivyo. Mauzo ya korosho hayatoshi kila mtu, sasa kwa nini yaende kwa mtoto ambaye ndivyo alivyo?

Alipofika miaka minne, kucha na midomo ilianza kuwa ya bluu. Ndipo wakamshusha mpaka hospitali ya Ndanda, na daktari akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani na kusikia sauti isiyo ya kawaida. Wakaandikiwa rufaa hadi Dar es Salaam. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, wanachokiita eko, kilionyesha tundu kubwa katikati ya moyo. Daktari akawaeleza kwa upole kwamba tundu lile lilikuwa la kufanyiwa upasuaji, lakini si tena. Kwa miaka minne damu ilikuwa inasukumwa kwa nguvu nyingi kwenye mapafu, na mishipa ya mapafu ilikuwa imeharibika kiasi kwamba kuziba tundu kungemuua haraka zaidi. Alirudi nyumbani. Alifariki akiwa na miaka sita.

Nawaomba msome tena aya hiyo. Hakufa kwa sindromu ya Down. Alikufa kwa tundu la moyo ambalo lilionyesha dalili tangu wiki za kwanza, na dalili zote zikaitwa tabia yake.

Orodha ya kuangalia

Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down wana kasoro ya moyo. Kwa hiyo ushauri wa kitabibu ni kwamba kila mmoja apimwe eko mapema, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu baadhi ya matundu makubwa hayatoi sauti mwanzoni. Matundu makubwa mara nyingi hufanyiwa upasuaji kabla mtoto hajatimiza mwaka. Tanzania upasuaji huo unafanyika: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015, pale Muhimbili. Tatizo letu watu wa kusini ni zaidi ya kilometa 500 za barabara, nauli, na mahali pa kulala. Na mgonjwa wa moyo hasubiri mnada wa korosho wa Oktoba.

Moyo si peke yake. Orodha iko hivi:

Masikio. Hadi robo tatu ya watu wenye hali hii wana tatizo la kusikia wakati fulani. Matundu ya masikio yao ni membamba, nta hukauka ndani, na maji mazito hukaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu yoyote. Asiyesikia vizuri hajifunzi kuongea vizuri.

Macho. Zaidi ya nusu wana shida ya kuona: makengeza, kuona karibu au mbali tu, na wengine huzaliwa na mtoto wa jicho. Wengi wanahitaji miwani tu.

Tezi ya shingo, yaani thairoidi. Ikifanya kazi polepole, mtoto anapoa, anafunga choo, ngozi inakauka, anasinzia, anakuwa mzito wa kuelewa. Tazama hiyo orodha halafu niambie nani kijijini asingesema "ndivyo alivyo". Wakati dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku. Hupimwa kwa damu utotoni, kisha kila mwaka maisha yote.

Tumbo. Wachache huzaliwa utumbo ukiwa umeziba. Mtoto mchanga anayetapika nyongo au asiyepata choo siku mbili za kwanza ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kifua na kinga. Nimonia huwapata zaidi na huwachukua haraka zaidi. Chanjo zote za ratiba ya taifa, ikiwemo ya nimonia, ni zao kuliko za mtu mwingine yeyote. Na kipimo cha malaria kikitoka hasi, usiende nyumbani na panado. Hesabu pumzi za mtoto, na uulize tena.

Usingizi. Nusu au zaidi hukoroma na kukatika pumzi wakiwa wamelala. Mtoto asiyelala vizuri usiku huwa mkorofi na mzito mchana, na watu huita hiyo akili.

Damu. Saratani ya damu haitokei kwa wengi wao, lakini hutokea zaidi kuliko kwa watoto wengine. Kupauka, kutoka madoadoa au michubuko bila kuanguka, na homa zisizoisha ni sababu ya kupima damu.

Shingo. Hili wenzangu wa vijijini tulichukulie kwa uzito. Kano zao ni legevu, na kwa baadhi yao pingili mbili za juu za shingo hazikushikana imara. Kwa hiyo kupiga sarakasi, mieleka, na kwa maoni yangu ndoo ya lita ishirini kichwani, si michezo wala kazi ya mtoto huyu. Akianza kuchechemea, kulalamika shingo, mikono kulegea au kujikojolea wakati alishaacha, ni hospitali mara moja. Na akienda kufanyiwa upasuaji wowote, daktari wa usingizi aambiwe.

Sisemi kila mtoto ana haya yote. Mdogo wangu moyo wake ni mzima kabisa. Nasema kwamba kila moja lina kipimo, na mengi yana dawa.

Kukua kwa saa yake mwenyewe

Sasa kuhusu kukua. Watoto wenye sindromu ya Down hufika kule wanakofika wengine, ila kwa kuchelewa, na kila mmoja kwa mwendo wake. Wengi hukaa wenyewe karibu na umri wa mwaka mmoja. Wengi hutembea wakiwa na miaka miwili hivi, wengine hadi minne. Maneno huchelewa zaidi. Na tofauti kubwa ni hii: wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kusema. Ulimi na misuli ya mdomo ni milegevu, kwa hiyo neno liko kichwani lakini halitoki. Ukimhukumu kwa anachotamka, umempunja.

Kunyonya ndiyo kazi ya kwanza. Mtoto mlegevu husinzia kwenye ziwa, kwa hiyo huamshwa, hushikwa kidevu, na mama hukamua maziwa na kumpa kwa kikombe kidogo au kijiko mpaka apate nguvu. Wapo wanaonyonya vizuri kabisa baada ya wiki chache. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wake wa ukuaji utakuwa chini ya wenzake, kwani kwa kawaida huwa wafupi na wadogo. Lakini hapa kuna mtego wa pande mbili. Muuguzi mmoja atamgombeza mama kwamba hamlishi, wakati mtoto anakula. Mwingine atasema mtoto wa hivi huwa mdogo, wakati kumbe moyo ndio unaokula nguvu zote. Mstari ukilala au ukishuka, lazima sababu itafutwe.

Mazoezi si lazima yawe ya mashine. Bibi yetu alikuwa akichimba kishimo mchangani chini ya mkorosho, anatandika kanga, anamkalisha mdogo wangu humo ili mgongo ushike. Hakusoma popote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoona alimwambia aendelee. Kumlaza kifudifudi akiwa macho ili ainue kichwa, kumpa mbegu kubwa azishike na kuzihamisha (chini ya uangalizi asije akazimeza), kumwonyesha kitu huku ukikitaja, kutumia ishara za mikono pamoja na neno: yote haya ni bure. Hawa watoto hujifunza vizuri kwa kuona kuliko kwa kusikia maelezo marefu. Ukitaka ajue kuosha vyombo, usimhutubie. Osha naye.

Siku aliposhtuka

Nilisema nitaeleza watoto wawili. Mdogo wangu alipokuwa na miaka mitano alipelekwa darasa la awali. Baada ya mwezi mwalimu akasema hafundishiki, ukimwita hageuki. Bibi akakubali: "Haelewi, ndivyo alivyo." Lakini baada ya yale ya binti wa mama mdogo, mama alikuwa ameapa kutoisikia tena sentensi hiyo. Akampeleka hospitali, akaomba masikio yaangaliwe. Pande zote mbili zilikuwa zimeziba nta ngumu, na upande wa kushoto kulikuwa na maji nyuma ya ngoma.

Nta ilipotolewa, walitoka nje ya geti, bodaboda ikapita ikipiga honi. Mdogo wangu akaruka, akamkumbatia mama mguu. Mama alianza kulia palepale barabarani. Alikuwa na mtoto asiyeelewa kwa miaka mitano, kumbe ana mtoto asiyesikia.

Leo ana miaka 11. Anasoma katika shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Anaandika jina lake, anahesabu hadi hamsini akiwa na korosho mbele yake, na msimu ukifika ndiye anayechambua daraja la kwanza na la pili kabla ya kupeleka ghalani. Hakosei, na hataki umharakishe. Masikio yake huangaliwa kila baada ya miezi sita. Tezi mara moja kwa mwaka.

Shule si fadhila. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wengine, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Walimu wa elimu maalumu tunao, wengine wanatoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, ila hawatoshi. Mwalimu mkuu anayesema "hatupokei hawa" anavunja sheria, na afisa elimu au afisa ustawi wa jamii wa wilaya anapaswa kuambiwa.

Kuna jambo lingine ambalo kwetu huzungumzwa kwa kunong'ona. Watoto hawa wanabalehe kama wengine. Familia nyingi zinajiuliza kama wampeleke jandoni au unyagoni, au wamfiche. Kila familia itaamua, lakini kumfundisha kuhusu mwili wake si hiari. Asiyefundishwa kwamba kuna sehemu za mwili ambazo hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuzigusa, na kwamba anaweza kusema hapana na kumweleza mama, ndiye anayewindwa. Wabaya wanajua nani hataaminiwa akisema.

Miaka 25, miaka 60

Kama kuna takwimu moja ya kuondoka nayo, iwe hii. Nchini Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi kama miaka 25. Leo ni kama miaka 60. Kromosomu ya 21 haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mioyo ilianza kufanyiwa upasuaji mapema, nimonia ikatibiwa kama nimonia, tezi zikapimwa, na watoto wakaacha kufungiwa kwenye taasisi wakalelewa nyumbani. Miaka 35 yote hiyo ilikuwa imefichwa nyuma ya "ndivyo alivyo".

Maisha marefu yana maswali yake. Wengi wao hupata ugonjwa wa kusahau mapema, wakiwa na miaka arobaini na kitu au hamsini. Na swali linalomnyima mama usingizi ni nani atakaa naye wakati yeye hayupo. Jibu ni mimi. Kwa hiyo naona ni vizuri nianze kujiandaa sasa, bumu au hakuna bumu.

Wana-chuo wenzangu, mwezi wa saba tunatawanyika. Wengine mtakwenda mazoezi ya kufundisha, wengine likizo, wengine mna sapu, poleni. Huko mnakokwenda yupo mtoto mmoja wa hivi, pengine ndani kwa jirani, pengine nyuma ya nyumba. Msitoe hotuba. Salimieni, kaeni, mcheze naye kwanza. Halafu muulizeni mama yake kwa heshima maswali matatu: Moyo ulishapimwa eko? Masikio yaliangaliwa lini? Tezi je? Kama jibu ni "hapana", mwandikieni kwenye karatasi hayo maneno matatu, aende nayo kliniki, na kama mnaweza msindikizeni. Mtu mwenye karatasi na msindikizaji aliyesoma haambiwi kirahisi "ndivyo alivyo".

Na yule jamaa wa vimbweta? Alikuja kwetu Pasaka. Walicheza bao michezo minne. Alifungwa mitatu, na anadai wa nne dogo alihamisha kete. Ni kweli, alihamisha. Ndivyo alivyo.